Ping Ilijibu, Lakini Aliyejibu Ni Printa

Jioni moja mwenzangu wa kazi alinipigia akiwa nyumbani. Kompyuta yake ya Linux ilikuwa kwenye VPN ya ofisi, intaneti inakwenda vizuri, lakini seva ya mafaili haifunguki. Alikuwa ameshapiga ping 192.168.1.20, anwani ya seva, ikajibu. Akaamini seva ndiyo mbovu, na alikuwa anatafuta namba ya mlinzi amwombe aizime na kuiwasha.

Nikamwomba anisomee mstari mmoja wa ping ile. Milisekunde 2. Ofisi iko mkoa mwingine, na kwa laini yake jibu la kutoka huko halijawahi kushuka chini ya 40.

Nikamwambia aandike ip route get 192.168.1.20. Naipenda amri hii kuliko zote katika kazi hii, maana haikurundikii majedwali uyafasiri mwenyewe: inaiuliza keneli paketi ya anwani hiyo itapita wapi, basi. Tulitarajia wg0, yaani handaki la VPN yetu ya WireGuard, ikajibu wlp2s0, kadi ya waifai. Kisha ip neigh ikatoa anwani ya MAC ya 192.168.1.20. Handaki la WireGuard halina MAC. Kilichokuwa kinajibu kilikuwa mle mle nyumbani: printa, ambayo ruta iliipa namba ileile ya seva.

Ofisi ilitumia 192.168.1.0/24, na ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na safu hiyohiyo. Faili lake la WireGuard lilisema AllowedIPs = 0.0.0.0/0, na wengi husoma hapo kwamba kila paketi itapita kwenye VPN. Sivyo. wg-quick, amri inayoiwasha WireGuard, huiweka njia hiyo kuu katika jedwali la pembeni, kwa kawaida namba 51820, halafu huongeza kanuni ya suppress_prefixlength 0: keneli ianzie jedwali la kawaida, iipuuze njia kuu iliyomo, lakini njia nyingine zote izifuate. Ni uamuzi mzuri. Bila huo usingeweza kuchapa karatasi wala kufungua ukurasa wa ruta yako ukiwa kwenye VPN. Ila hapa njia ya waifai ilizidaka paketi za seva kabla handaki halijafikiwa. Na ukiandika ip route peke yake huoni kisa chote, kwa kuwa huonyesha jedwali la kawaida tu. Kanuni zinasomwa kwa ip rule, na jedwali la pembeni kwa ip route show table 51820.

Tuliongeza 192.168.1.20/32 kwenye AllowedIPs, tukaizima VPN na kuiwasha. Njia ya anwani moja huishinda ya anwani 256, kwa hiyo ip route get ikataja wg0, ping ikapanda hadi 48, mafaili yakafunguka. Printa nayo ikatoweka, mpaka alipoibadilishia namba kwenye ruta.

Hiyo ilikuwa huduma ya kwanza. Kosa lenyewe liko ofisini: RFC 1918 ya mwaka 1996 ilitenga 10.0.0.0/8, anwani zaidi ya milioni 16, kwa mitandao ya ndani, na bado tulichagua safu iliyojaa majumbani mwa watu wetu. Tukauhamishia mtandao 10.77.40.0/24. Ilitumalizia Jumamosi nzima, hasa kwa sababu ya kamera ambazo anwani zake ziliandikwa kwa mkono, moja moja. Ule mstari wa /32 tuliufuta jioni hiyo.