Rafiki na Mwenyeji: Uhakiki wa Safari ya Mume na Mke Kupitia Gondokoro

Katika kufundisha fasihi ya safari tumezoea kuanza na maandishi ya Waswahili wenyewe, hasa yale aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapisha mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Hatuna nia ya kuyaacha. Hata hivyo, katika toleo hili tunapendekeza kisomwe pamoja nayo kitabu cha mgeni, yaani The Albert N'yanza cha Samuel White Baker, kilichochapishwa London mwaka 1866. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, ni kisa cha mume na mke walio njiani pamoja, na wanaotegemea marafiki kutoka kituo hadi kituo. Pili, njia yao inapita Gondokoro, jirani kabisa na mji wa Juba wa leo, na Juba ni mahali ambapo walimu wa Kiswahili wanatazamiwa kwenda kwa wingi. Ni vizuri tujue nani alitutangulia, na alipokelewaje.

Muhtasari wa kisa ni huu. Baker na mwenziwe Florence walipanda mto Nile kwa mashua kutoka Khartoum, wakafika Gondokoro Februari 2, 1863. Mji wa Juba haukuwapo wakati huo, kwani ulianza kujengwa miaka ya 1920. Gondokoro nayo, kwa maelezo ya Baker, haikuwa mji bali kambi ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa katika nchi ya Wabari. Siku kumi na tatu baadaye, Februari 15, wakatokea John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wametembea kutoka pwani ya Zanzibar kupitia Karagwe, Buganda na Bunyoro. Speke alikuwa rafiki wa Baker wa zamani. Walikumbatiana, wakala pamoja, na Speke akamwachia rafiki yake ramani pamoja na habari za ziwa ambalo yeye hakupata kulifikia. Baker na Florence wakaendelea kusini kupitia nchi ya Walotuko na Obbo, wakavuka Nile penye maporomoko ya Karuma, na Machi 14, 1864 wakaliona ziwa walilolipa jina la Albert. Walirudi Gondokoro mwaka 1865 na hawakukuta mashua iliyotumwa kuwachukua, wala barua. Watu walikwisha kuwahesabu kuwa wamekufa.

Kwa upande wa fani, kitabu hakichoshi. Baker anajua kumweka msomaji katika taharuki, anajua kujicheka, na anaeleza njaa na homa bila kujipamba kupita kiasi. Tatizo tunaliona katika maudhui, na hasa katika matumizi ya dhana mbili ambazo Mswahili hazichanganyi: rafiki na mwenyeji. Rafiki ni mtu unayemchagua, lakini mwenyeji unamkuta. Kwa Baker, rafiki ni yule aliyetoka kwao, na mwenyeji huwa ama kikwazo ama kichekesho. Hoja yetu ni kwamba kitabu chake chenyewe kinatoa ushahidi dhidi ya mtazamo huo.

Tuanze na marafiki. Pale Gondokoro mwaka 1863 palikuwa na mume na mke wengine wawili kutoka Uingereza. John Petherick, balozi mdogo wa Uingereza mjini Khartoum, alikuwa amekabidhiwa fedha zilizochangwa ili ampelekee Speke mashua na vyakula. Alisafiri na mkewe Katharine, wakapata taabu nyingi njiani, wakafika siku chache baada ya Speke. Walipofika walikuta Baker amekwisha kutoa msaada. Speke aliwapokea kwa ubaridi, na baadaye akamshutumu Petherick hadharani kuwa alishughulikia biashara yake ya pembe badala ya kutimiza ahadi. Akina Petherick walijibu kwa kitabu chao, Travels in Central Africa, kilichotoka mwaka 1869. Tunawaomba wasomaji waangalie jambo moja katika jalada la kitabu hicho: waandishi ni wawili, bwana na bibi. Sehemu kubwa inasimuliwa na Katharine mwenyewe, kwa nafsi yake. Basi urafiki uliosifiwa katika kitabu kimoja umegeuka kuwa kesi katika kingine. Methali yetu husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Speke aliitumia kama kipimo. Lakini aliyechelewa kwa ugonjwa na dhoruba alistahili angalau kusikilizwa.

Tofauti ya vitabu hivi viwili inatuleta kwa Florence. Katika kitabu cha mumewe yumo karibu kila ukurasa lakini haongei. Anaugua, anauguza, anapanda ng'ombe, anashona nguo, anasuluhisha ugomvi wa watumishi, na bado tunamwona kwa jicho la mume tu. Kitabu hakisemi kwamba Baker alimpata mwaka 1859 katika mnada wa watumwa mjini Vidin, katika nchi ambayo sasa ni Bulgaria, wala kwamba walifunga ndoa rasmi London mnamo Novemba 1865, baada ya safari yote kwisha. Ukimya huu una uzito. Huyu ni msafiri ambaye aliwahi kuuzwa, anapita katika kambi za wauza watu, na msimulizi wake anatuficha jambo ambalo lingebadilisha namna tunavyosoma kila tukio la mateka wanaopita mbele ya hema lao.

Mara moja tu Florence anapasua ukimya. Huko Bunyoro, mtu waliyedhani ni mfalme Kamurasi anamwambia Baker amwachie mke wake kisha aende zake. Baker anachomoa bastola. Florence anasimama na kumkaripia mfalme kwa Kiarabu, lugha ambayo mfalme haifahamu. Ndipo Bacheeta, mwanamke wa Kinyoro aliyewahi kuwa mtumwa na kujifunza Kiarabu utumwani, anapoyatafsiri maneno yale kadiri awezavyo. Baker analeta kisa hiki kwa dhihaka kidogo. Sisi tunaona ndicho kilele cha kitabu. Wanawake wawili walioonja utumwa, mmoja kutoka Ulaya na mwingine kutoka Bunyoro, wanashirikiana kumjibu mwanamume anayetaka kumchukua mtu kama zawadi, na lugha wanayoitumia ni ile waliyoikuta safarini. Zaidi ya hayo, baadaye Baker anagundua kwamba aliyekuwa akizungumza naye muda wote ule hakuwa Kamurasi. Alikuwa ndugu yake, aliyewekwa mbele ili mfalme halisi apate kuwachunguza wageni. Mgeni aliyejiona anamsoma mwenyeji, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akisomwa.

Kwa nini mfalme alijificha? Jibu limo katika kitabu hichohicho. Kabla ya Baker kufika, kikosi cha wafanyabiashara kutoka kaskazini kiliingia Bunyoro kikijitangaza kuwa ni rafiki za Speke. Kilipokelewa kwa heshima, kisha kikarudi kushirikiana na adui wa mfalme na kuua watu wengi. Kwa hiyo Januari 1864, Baker alipofika Karuma, jina la Speke lilikuwa limekwisha kuchafuliwa. Alifanya nini? Alivaa suti inayofanana na ya Speke, akasimama juu ya mwamba ili aonekane kutoka ng'ambo, na Bacheeta akapaza sauti kwamba huyu ni ndugu yake Speke. Wenyeji wakamkagua mavazi na ndevu, wakaridhika. Baker anauona mchezo huu kuwa ujanja wa msafiri hodari. Tukilitazama kutoka ng'ambo ya pili ya mto tunaona jambo jingine. Neno rafiki lilikuwa limetumiwa kama cheti cha kupitia, na watu wa Bunyoro walikwisha kulilipia kwa damu. Tahadhari yao, ambayo Baker anaiita woga na uchoyo, ilikuwa busara.

Hebu sasa tuwaangalie wenyeji wawili waliomfaa. Huko Obbo, mzee Katchiba, mganga wa mvua, aliachiwa Florence amlinde wakati mumewe alipokwenda kupeleleza njia. Mzee aliwaweka wanawe mlangoni, naye Baker akarudi akamkuta mkewe salama. Hayo ni makubwa kuliko mashua ya rafiki yeyote, lakini katika usimulizi Katchiba anabaki kuwa mtu wa kuchekesha. Wa pili ni Commoro, mkuu wa Walotuko, katika eneo la Torit ya leo. Baker alijadiliana naye, kupitia wakalimani, juu ya ufufuo. Alifukia punje ya nafaka ardhini kuwa mfano wa mtu anayekufa na kuinuka tena. Commoro akajibu kwamba mfano anauelewa, ila punje ile ya kwanza hairudi, huoza kama maiti. Zinazoota ni nyingine, kama watoto wanaobaki baada ya mzazi. Baker hakuwa na jibu, akaufunga mjadala kwa kusema kuwa mtu huyu hana imani yoyote. Heri yake kwamba aliandika majibu yale kwa uaminifu. Mwandishi ameshindwa katika hoja, lakini kalamu yake imemtendea haki mpinzani wake, na hilo tunalihesabu kuwa sifa ya kitabu.

Wenyeji wetu wana msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiufanya kuwa kigezo cha uhakiki, swali linakuwa jepesi: je, wenyeji walipona? Jibu linatokana na safari ya pili. Baker na Florence walirudi mwaka 1871 wakiwa na jeshi la Khedive wa Misri. Mei 26 mwaka huo walipandisha bendera Gondokoro na kuibadilisha jina kuwa Ismailia. Mei 1872 Baker alitangaza huko Masindi kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mwezi uliofuata alipigana na watu wa mfalme Kabalega, mji ukateketezwa kwa moto, naye akarudi nyuma huku akishambuliwa njia nzima. Shajara ya Florence ya miaka hiyo ilichapishwa mwaka 1972 kwa jina la Morning Star, ikihaririwa na Anne Baker. Tunashauri isomwe sambamba na kitabu cha mumewe, kwani hapo hatimaye tunapata kusikia sauti yake.

Na Kiswahili kilikuwa wapi katika haya yote? Kilikuwapo Gondokoro siku ile ya Februari 15. Speke hakutembea peke yake. Aliongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, pamoja na kundi dogo la watu kutoka Zanzibar waliovumilia mpaka mwisho. Speke na Bombay waliongea Kihindustani, na Bombay aliongea Kiswahili na wenziwe. Habari za wafalme zilipita katika vinywa hivyo kabla ya kuwa Kiingereza cha vitabuni. Baker anatusimulia kwa furaha alivyomkumbatia rafiki yake. Waliombeba rafiki huyo kwa maneno anawataja kwa uchache tu.

Kutokana na hayo, tuna neno kwa wenzetu wanaojiandaa kwenda Juba. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, katika mikutano yetu yamesikika sana maneno kama kupeleka Kiswahili, kukieneza, kukifikisha. Tunaomba tuwe waangalifu. Juba si uwanja mtupu. Ipo lugha ya wenyeji wa nchi, Kibari, na kipo Kiarabu cha Juba, kilichokomaa katika kambi za aina ileile aliyoiona Baker. Lugha hiyo iliwahi kututembelea sisi kwanza: wanajeshi na familia zao walikuja na mzao wake, Kinubi, hadi Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi, nacho kikakopa maneno ya Kiswahili. Aidha, wapo wakazi wengi wa Juba waliojifunza Kiswahili ukimbizini Kenya na Uganda kisha wakarudi nacho nyumbani. Kiswahili kinapofika Juba hakifiki kama mvumbuzi. Kinamtembelea rafiki wa zamani, tena ambaye kwa muda mrefu hakikumtumia salamu.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa walimu ni la vitendo. Wanafunzi wasome sura ya Karuma, kisha waandike upya tukio hilo kwa Kiswahili kutoka upande wa Bacheeta: anapaza sauti kuvuka mto, anajua kwamba suti ni ya bandia, na anajua watu wa kwao waliofiwa. Atachagua maneno gani? Atamwita Baker ndugu, rafiki, au mgeni? Mwanafunzi atakayesita juu ya chaguo hilo atakuwa amekielewa kitabu, na mwalimu atakayesita naye atakuwa tayari kupanda gari la Nimule kwenda Juba.