Kiota cha Kweche na Namna ya Kuupima Ufundi Wake

Kweche mwekundu, ambaye jina lake la kisayansi ni Euplectes orix na ambaye alielezwa na Linnaeus mwaka 1758, ni ndege mdogo wa jamii moja na kwera na kwelea kwelea. Mvua zinapokolea katika uwanda wa kati wa Tanzania, dume huonekana penye matete, kama vile kandokando ya bwawa la Hombolo au katika kinamasi cha Bahi, akiwa amefutua manyoya yake mekundu ya shingo na mgongo mpaka akafanana na ua lililochanua kwenye ncha ya bua, huku uso na tumbo lake vikiwa vyeusi ti. Uzuri huo huwapotosha watazamaji wengi, kwa kuwa humpima fundi kwa vazi lake, hali kazi inayostahili kupimwa ni kiota.

Vazi lenyewe ni la msimu tu. Kinda huota manyoya ya kahawia yenye michirizi, na dume mchanga hubaki hivyo mwaka wake wa kwanza. Hata dume aliyekomaa hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka, na mvua zinapokwisha hurudia rangi ya kahawia, ikawa vigumu kumtofautisha na jike katika makundi yanayookota mbegu kwenye mashamba ya mtama na uwele.

Ujenzi huanza kwa pete, yaani duara lililosimama wima, ambalo dume hulisuka kwa nyuzi ndefu alizozichana kutoka kwenye majani mabichi na kuzifunga kwenye mashina mawili au zaidi ya matete. Akiisha kuikamilisha, husimama ndani yake na kusuka kuta kadiri mdomo wake unavyofika, hivyo kipimo cha chumba hutokana na mwili wa mjenzi mwenyewe. Hapa ndipo jicho la mjuzi linapopaswa kukaa muda mrefu zaidi. Pete njema hushikwa pande zote mbili kwa mizunguko mingi iliyobana, nayo haitelezi upepo unapoyayumbisha matete. Pete iliyofungwa vizuri upande mmoja tu huinamisha kiota kizima kadiri mashina yanavyorefuka kwa kasi zisizolingana. Ukuta mwembamba unaopitisha mwanga si kasoro, maana ndivyo kweche anavyojenga. Kasoro ni nyuzi zilizolegea na ncha nyingi zinazoning'inia bila kurudishwa ndani ya msuko, na hizo huonekana zaidi katika kazi ya wajenzi wachanga.

Sifa ya pili ni ubichi. Kiota kipya ni cha kijani na nyuzi zake bado hupindika. Kikishakauka hugeuka rangi ya majani makavu, na uimara wake hupungua. Kwa sababu hiyo dume mmoja hujenga viota kadhaa katika eneo lake kwa msimu mmoja, akiwakaribisha majike wengi, wala haifai kumhukumu kwa kiota kimoja kilichochakaa. Vilevile si haki kumlinganisha na kwelea kwelea, ambao husuka kwa siku chache tu, maelfu kwa maelfu katika miti ya miiba, kwa kuwa haraka hiyo inafuata mvua fupi, na ufundi wao una vigezo vyake.

Mwamuzi wa kweli ni jike. Akikubali kiota, hukitia bitana, yaani tabaka la ndani la mashuke laini ya nyasi, na huendelea kuliongeza hata anapoatamia, mpaka mashuke yatokeze juu ya mlango ulio ubavuni karibu na paa na kuwa kibaraza kidogo. Kibaraza hicho ndicho alama bora kuliko zote, kwa maana kinaonyesha kwamba kazi imepita mtihani. Ndani huwemo kwa kawaida mayai matatu ya buluu, ambayo jike huyaatamia peke yake kwa siku 12 au 13, ingawa wakati mwingine mojawapo ni la kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine. Kwa kuwa dume halishi makinda na jike akishtuliwa anaweza kuacha mayai, ukaguzi wa karibu usubiri mpaka makinda waondoke. Hapo mashuke yaliyolaliwa na kinyesi kilichokauka mlangoni vitaeleza kama kiota kililea au kilibaki kitupu.