Fundi wa Futi Kumi kwa Kumi

Kabla ya kupigilia bati, fundi wangu wa kijiji cha Lindi, Kibera, jijini Nairobi, huupitisha msumari kwenye kizibo cha soda. Bati jembamba huchanika likichezewa na upepo. Kizibo hulikamata na kuzuia maji yasipenye tunduni. Nimekaa chini ya paa lake masika kadhaa na sijawahi kutega sufuria sakafuni.

Chumba ni kilekile cha futi 10 kwa 10. Nguzo za mkaratusi, fito huku na huku, udongo katikati, halafu plasta nyepesi ya saruji ili mpangaji ajione yuko kwenye nyumba ya mawe. Ustadi uko kwenye udongo. Ukizidi maji utapasuka ukikauka. Ukipungukiwa hautashika fito. Yeye hufinyanga tonge, akalirusha ukutani, akasikiliza mlio wake. Mimi nasikia "pwa" tu.

Ila kuujua udongo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni siasa. Ardhi ya hapa imehesabiwa kuwa ya serikali tangu enzi za askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), walioiita Kibra, yaani msitu. Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017. Sisi wengine tumebaki na kibali cha mdomo. Hata kubadilisha bati lililooza, sharti chifu na wazee wa kijiji wajue. Kwa hiyo fundi hakosi baraza, na kofia yake huwa ya chama chochote kinachovuma mwaka huo. Simlaumu. Anayejua timazi asimjue chifu atalala njaa.

Akiitwa Kawangware, ng'ambo ya Ngong Road, mkono hubadilika. Kule ploti nyingi zina wenyewe wenye hati, kwa hiyo mabati yanapisha mawe na ngazi zinapanda ghorofa baada ya ghorofa. Fundi ni yuleyule, timazi ni ileile. Karatasi ya mwenye ploti ndiyo inayochagua udongo au jiwe.

Julai 2018, tingatinga zilipokuja kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, alikuwa amezitangulia. Aling'oa misumari ya mabati mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, vizibo akavitia mfukoni. Mabati yale ndiyo yanayonifunika sasa. Matundu ya zamani ameyaziba kwa lami. Ukilala chali mchana unaweza kuyahesabu.