Dai la Muuzaji Mbele ya Sheria ya Viuatilifu

Mwezi wa Februari 2018 kampuni ya Amazon iliridhia kulipa dola 1,215,700 ili kumaliza shauri la Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lililodai kwamba kumetendeka makosa yapata 4,000 ya kuuza na kusambaza viuatilifu visivyosajiliwa. Bidhaa zile aghalabu zilikuwa mali ya wafanyabiashara wengine, baadhi yao wakaao ng'ambo, waliozihifadhi katika maghala ya kampuni ili izifikishe kwa wanunuzi. Walakini EPA ilishikilia kwamba sheria, ambayo asili yake ni ya mwaka 1947, humtia hatiani asambazaye kama imtiavyo auzaye.

Miongoni mwa bidhaa hizo ilikuwamo chaki ya kuulia wadudu, ambayo mtoto hawezi kuitofautisha na chaki ya shuleni, na hatari yake ilikuwa dhahiri. EPA ilipotoa amri za kusimamisha mauzo, kampuni iliondoa bidhaa hizo, ikawaarifu walionunua wazitupe, na ikawarudishia fedha zao. Kisha kwa mujibu wa mapatano ikaahidi kutunga somo la mtandaoni kuhusu sheria ya viuatilifu, kwa Kiingereza, Kihispania na Kichina, na kumlazimisha kila atakaye kuuza bidhaa za namna hiyo ahitimu somo hilo kwanza.

Lakini chaki ni jambo jepesi kuhukumu. Uzito umo katika bidhaa ambazo hazifanani hata kidogo na sumu, kwa sababu sheria ile hutazama madhumuni kabla ya umbo: kitu huhesabiwa kiuatilifu ikiwa muuzaji amedai kwamba kinaua, kinafukuza au kinazuia mdudu, panya, kuvu au kijidudu, au ikiwa kimetengenezwa kwa kiambata kisicho na matumizi mengine ya maana katika biashara. Ubao wa kukatia mboga, maadamu unasifiwa kwa ugumu wake, ni ubao tu. Ukitangazwa kwamba unaua bakteria waletao maradhi, umeingia chini ya mamlaka ya EPA siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwenye kusimamishiwa tangazo lake na soko la mtandaoni hana budi kuanza kwa kuainisha, wala si kwa kufuta maneno. Ikiwa bidhaa imesajiliwa, ataonyesha nambari ya usajili na nambari ya kiwanda kilichoitengeneza, kisha atahakikisha kwamba tangazo halidai zaidi ya yale yaliyokubaliwa wakati wa usajili. Ikiwa ni chombo kifanyacho kazi kwa nguvu ya maumbile pasipo kemikali, kama taa ya miali ya urujuanimno, hakihitaji usajili, ila sharti kitoke katika kiwanda chenye nambari ya EPA. Ikiwa imetiwa dawa kwa ajili ya kujihifadhi yenyewe tu, dawa hiyo iwe imesajiliwa kwa matumizi hayo, na dai lisivuke mpaka huo: ni halali kusema kwamba pazia limekingwa lisiote kuvu, na ni haramu kusema kwamba linaikinga familia na maradhi. Na ikiwa viambata vyake vyote ni vile vilivyoruhusiwa kwa uchache wa madhara, kama mafuta ya karafuu, huachiliwa bila usajili wa EPA, ingawa majimbo mengi hudai usajili wao, kwa sharti kwamba lebo itaje viambata na kwamba muuzaji asidai kuzuia kupe waenezao ugonjwa wa Lyme.

Baada ya kuainisha ndipo huja kusahihisha, na hapa wengi huteleza, kwa kuwa hufuta neno katika kichwa cha tangazo wakaliacha katika maelezo, katika maandishi yaliyo juu ya picha, katika lebo ya chupa, au katika maneno ya utafutaji ambayo mnunuzi hayaoni lakini soko linayaona. Wengine hufuta kila mahali huku bidhaa yenyewe ni sumu tupu. Hao hawakusahihisha kitu, bali wamemnyima mnunuzi habari ya hatari aliyonunua.

Utaratibu wa masoko ya mtandaoni, kwa hukumu yangu, una nguvu pale unapodai nambari na kuilinganisha na daftari la EPA, na una udhaifu pale unapotegemea kuchuja maneno, kwa kuwa kichujio humkamata msema kweli asiyejua mipaka, kikampisha mjanja ajuaye kunyamaza. Mnamo Juni 2020, wakati wa janga la korona, EPA ilitoa tena amri za kusimamisha mauzo kwa Amazon na eBay, kwa bidhaa ambazo baadhi yake zilidai kuua virusi. Somo humfundisha muuzaji sheria. Ithibati ya kwamba ameitii hupatikana kwa kukagua bidhaa na lebo yake kabla haijaondoka ghalani, na gharama ya ukaguzi huo yafaa imwangukie mwenye ghala, ambaye peke yake ameishika bidhaa mkononi.