Bamba, Ukuta au Kiunzi? Uhakiki wa Sitiari za Kiini cha Seli

Hudhaniwa mara nyingi kwamba lugha ya sayansi haina sitiari. Dhana hiyo haithibitiki. Jina kiini, litajalo sehemu ya seli inayohifadhi DNA, lenyewe ni sitiari iliyozoeleka hata haionekani tena kuwa sitiari. Kilatini kilipita njia iyo hiyo kwa neno nucleus, yaani kokwa ndogo. Hapo msomaji hapotezwi.

Hupotezwa zinapotajwa lamini, yaani protini zinazotanda chini ya utando wa ndani wa kiini cha seli za wanyama na kukipa umbo. Tabaka lao huitwa lamina, neno la Kilatini lenye maana ya bamba jembamba. Mwaka 1986 Ueli Aebi na wenzake walionyesha kwamba tabaka hilo si bamba, bali ni nyuzi zilizopitana mithili ya wavu. Jina limebaki, ijapokuwa hadubini imekwisha kulipinga.

Mfasiri akikwepa bamba, huvutwa na ukuta. Chaguo hilo lina kasoro tatu. Kwanza, ukuta wa seli ni istilahi ya mimea, nayo yataja kitu kingine kabisa. Pili, ukuta hutenga tu, ilhali lamini hushikilia kromatini na huhusika katika kunyamazishwa kwa baadhi ya jeni. Tatu, na hii ndiyo kasoro nzito, ukuta huzaa fikra ya ufa. Uhusiano wa viwili hivyo Mswahili ameurithi katika methali.

Mfano ni projeria, maradhi yanayowazeesha watoto kabla ya wakati, ambayo mwaka 2003 yalibainika kutokana na badiliko katika jeni ya LMNA. Mwanafunzi aliyefundishwa ukuta atadhani kiini kimepasuka, chahitaji kuzibwa. Sivyo. Kwa kawaida lamini A inapoundwa hubandikwa mkia wa mafuta, kisha mkia huo hukatwa. Katika maradhi haya haukatwi. Protini hubaki imenata kwenye utando, na kiini hupoteza umbo lake. Lonafarnib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, haizibi ufa wowote: huzuia mkia usibandikwe. Sitiari mbaya, basi, huficha hata mantiki ya tiba.

Kiunzi ni neno linalofaa zaidi, kwani hutaja kinachokipa chombo umbo bila kudai kwamba kimekiziba. Hata hivyo, kiunzi cha jahazi hudumu, ambapo nyuzi za lamini huachana seli igawanyikapo, kisha hujipanga upya katika seli mbili changa. Upungufu huo hauondolewi na nomino, bali na kitenzi. Kauli ya kutendua imekwisha kukiandaa: nyuzi hufumwa, hufumuliwa, hufumwa tena, kama nywele zifumuliwavyo zipate kusukwa upya.

Kwa hiyo istilahi yapasa kupimwa kwa sentensi ziwezazo kujengwa juu yake, wala si kwa ulinganifu wake na jina la kigeni.