Hilful-Fudhul na Ufunguo wa Mahabusu

Wanafunzi wetu wa Tunduma wanauliza: je, yafaa chama cha upinzani kushirikiana na serikali katika sheria za jinai, au huo ni usaliti?

Jibu limo katika Sira. Kabla ya utume, Mtume (S.A.W.) alihudhuria Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, koo za Makureshi zilipoahidiana kumnusuru aliyedhulumiwa. Baadaye akaeleza kwamba lau angeitwa tena katika Uislamu angeitikia. Basi ushirikiano haukatazwi. Kinachopimwa ni matunda yake.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wakati huo Halmashauri ya Mji wa Tunduma iliongozwa na CHADEMA, baada ya uchaguzi wa 2015. Halmashauri hutunga sheria ndogo zenye adhabu, kwa idhini ya waziri. Mkoa hautungi sheria, na mkuu wake huteuliwa na Rais. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ilimpa yeye, pamoja na mkuu wa wilaya, uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe hadi saa 48 kwa kuchelea uvunjifu wa amani. Waliochaguliwa walishika kanuni za soko. Ufunguo wa mahabusu ulikuwa kwa walioteuliwa.

Wapo wanaoutetea uwezo huo kwa fiqhi. Ni kweli, Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H) ametaja hitilafu juu ya muda: wapo waliosema usizidi mwezi, na wapo walioliacha kwa rai ya imamu. Lakini maneno yao yahusu kuichunguza tuhuma iliyopo. Hayamhusu aliyesema neno lisilompendeza mkubwa. Illa haipo, na qiyasi imevunjika.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023, ilikosoa matumizi mabaya ya mamlaka hayo na kutaka sheria irekebishwe. Hapo ndipo pa kushirikiana.

Ila tunavionya vyama vyote: anayemtetea mwanachama wake tu hajafikia Hilful-Fudhul. Kipimo ni utingo wa lori aliyekamatwa mpakani, asiye na kadi ya chama chochote wala jamaa wa kumfuatilia kituoni. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki isitutoe katika uadilifu; na mapenzi ya chama yasitutoe vilevile.

Wallahu a'lam.