"Kuchuja" na "Usafi": Istilahi Mbili za Kupima Peptidi

Katika komini ya Makiso, Kisangani, kemia ya chuo kikuu husomeshwa kwa Kifaransa, ilhali sokoni Kiswahili na Kilingala ndizo lugha zinazosikika. Atakaye kueleza kwa Kiswahili jinsi peptidi inavyopimwa hukuta maneno mawili rahisi, na yote mawili yana hatari.

La kwanza ni "kuchuja". Chujio huzuia makapi na kupitisha maji, kwa kigezo cha ukubwa. Kromatografia ya kiowevu, katika namna itumikayo zaidi kwa peptidi, haifanyi hivyo: vitu hupita katika safu ya chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni, na kile kinachokimbia maji zaidi ndicho huchelewa kutoka. Tofauti ni ya muda. "Kutenga" lafaa zaidi. Tafsiri sisisi ya mzizi wa Kigiriki, "maandishi ya rangi", haisaidii. Tswett alitenga rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20, lakini peptidi nyingi hazina rangi, hutambuliwa kwa mwanga wa urujuanimno.

"Usafi" una madhara makubwa zaidi. Asilimia 98 ya kwenye cheti kwa kawaida ni eneo la kilele kikuu cha grafu likilinganishwa na vilele vyote. Maji, na chumvi zisizofyonza mwanga huo, hazimo katika hesabu. Tena vitu viwili vikitoka pamoja huonekana kilele kimoja. Kongo yenyewe ina mfano wa kutafakarisha: kalata B1, peptidi ya asidi amino 29, ilitengwa baada ya Lorents Gran, daktari wa Norwe, kuona katika miaka ya 1960 wanawake wa Luluabourg, sasa Kananga, wakinywa chai ya mmea Oldenlandia affinis kuharakisha uzazi. Kimaabara chai hiyo ni mchanganyiko mtupu. Hakuna mama ambaye angeiita chafu.

Oksitosini, peptidi ya asidi amino 9, hudungwa uniti 10 baada ya kujifungua ili kuzuia kutokwa damu. Kichupa chaweza kutoa kilele kimoja kizuri na bado kiwe na dawa pungufu tangu kiwandani, kwani kiasi hujulikana tu kwa kulinganisha kilele hicho na cha sampuli rejea. Dhana mbili zahitaji majina mawili: "asilimia ya kilele" na "kiasi halisi". La kwanza ni refu na halina mvuto. Angalau mkunga akilisikia atauliza ni asilimia ya nini.